Chensoo ya zamani inasumbua? Anza na dalili, bisibisi baadaye

Ukitaka kujua chensoo ya zamani imepita mikono mingapi, tazama skrubu za kabureta. Mara nyingi utakuta vichwa vimelika, mfereji wa bisibisi umebaki alama tu. Haikuwaka, mtu akakoroga skrubu. Ikawaka ikazima, akakoroga tena. Ikakosa nguvu, akaja mwingine na bisibisi kubwa zaidi. Na tatizo lenyewe huenda lilikuwa plagi, au mpira wa mafuta uliopasuka, au sili ya krenki (mpira unaozuia hewa kwenye mhimili wa injini) iliyokauka kwa kukaa stoo miaka.

Mwongozo huu ni wa wanaofufua chensoo kwa kupenda. Umerithi Stihl 070 ya mzee, au umenunua Husqvarna 272 kwa bei ya chuma chakavu, na una jioni za kuchezea. Nimeupanga kwa malalamiko kama watu wanavyoyasema wenyewe. Chini ya kila lalamiko, sababu inayotokea sana inatangulia na ile ya nadra inafuata. Ukaguzi wa bure unakuja kabla ya ule wa kufungua injini. Mifano mingi ni ya 070 kwa sababu bado imejaa kwa wapasua mbao wetu: silinda ya milimita 58, mwendo wa pistoni milimita 40, karibu cc 106. Ni chuma kizito, kina kelele, na ukikiheshimu kinadumu.

Kabla ya kugusa chochote

Vua waya wa plagi. Ukifanya kazi ya injini, cheni na baa (ule upanga unaobeba cheni) vitoke kabisa. Utavirudisha wakati wa kurekebisha kabureta tu.

Mwaga petroli iliyomo, hata kama mwenye chensoo anaapa ni ya wiki jana. Weka mpya. Kwa oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) ya kawaida, kiwango ni 1:25, yaani mililita 200 kwa lita 5 za petroli. 1:50, yaani mililita 100 kwa lita hizo hizo, ni ya oili ambayo chupa yake inasema wazi kwamba inafaa kiwango hicho kwenye injini zinazopozwa kwa hewa. Oili ya injini za boti usiitumie. Ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na wa pwani ndio hasa wanaishika kwa sababu ipo karibu. Ukibadili kiwango cha oili, kabureta nayo itabidi irekebishwe, kwani oili ikizidi kwenye mchanganyiko, petroli inayopita kwenye tundu lile lile inapungua.

Jambo la tatu ni breki ya cheni. Stihl walianza kuweka breki ya cheni mwaka 1972, na 070 haina. Ncha ya juu ya baa ikigusa tawi, chensoo inarukia usoni kabla hujajua kimetokea nini, na hakuna kitakachoisimamisha. Chensoo isiyo na breki iache ikate gogo lililolala chini. Usipande nayo mti, wala usipunguzie nayo matawi.

“Navuta kamba mpaka mkono unauma, haiwaki”

Swichi kwanza. Usicheke, kwenye chensoo za zamani maandishi yamefutika, na si kila kampuni iliweka “washa” upande mmoja.

Kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa, injini imekunywa mafuta kupita kiasi. Rudisha choki (kizibo cha hewa cha kuwashia) ili hewa ipite, geuza tundu la plagi litazame mbali nawe, vuta kamba mara kadhaa lipulize nje, kausha plagi, rudisha. Waya wa plagi uwe mbali na tundu wakati huo, kwa sababu mvuke unaotoka humo unashika moto kwa cheche ndogo tu.

Plagi ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Dondoshea matone machache ya mchanganyiko kwenye koo la kabureta, vuta. Ikishtuka sekunde mbili ikazima, umeme uko sawa na unajua uelekee wapi: chujio ndani ya tangi, mpira wa mafuta, pumzi ya tangi (kitundu cha kuingizia hewa), halafu dayaframu (ngozi nyembamba za mpira) za kabureta. Mpira wa mafuta usiutazame tu. Ukunje. Uliozeeka unaonyesha nyufa unapokunjwa, na mara nyingi ufa uko pale unapopenya ukuta wa tangi, mahali ambapo jicho halifiki. Ukipasuka hapo unavuta hewa badala ya petroli.

Haikushtuka hata kidogo? Pima cheche. Gusisha mwili wa plagi kwenye silinda, mbali na tundu lake, vuta kamba kwa nguvu. Unatafuta cheche ya buluu yenye mlio. Ikikosekana, fuata mpangilio huu:

1. Badili plagi. Mwanya wake uwe milimita 0.5.
2. Chomoa waya mwembamba unaotoka kwenye koili (inayozalisha umeme wa cheche) kwenda kwenye swichi. Cheche ikirudi, waya umechubuka unagusa chuma, au swichi imekufa. Hii hutokea mno kwenye chensoo za zamani, na watu wananunua koili mpya bure. Kumbuka tu kwamba waya ukiwa nje, injini haizimiki kwa swichi. Izime kwa kuvuta choki.
3. Sugua kutu kwenye sumaku ya flaiwili (gurudumu zito la krenki) na miguu ya koili. Mwanya kati yao uwe milimita 0.2 hadi 0.3, kadi ya biashara ya kawaida inakaribia unene huo. Iweke katikati, legeza koili ishikwe na sumaku, kaza, toa kadi.
4. Kama ni modeli ya platini (swichi ndogo chini ya flaiwili inayokata umeme ili cheche itoke), ndipo unafungua flaiwili. Platini iliyokaa miaka inafanya ukungu wa kijivu usiopitisha umeme. Isugue kidogo kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi safi isiyo na mafuta katikati yake mpaka itoke haina weusi. Mwanya wake kwenye nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.4, ukiwa umefunguka kabisa.
5. Kondensa na koili vinakuja mwisho.

Nati ya flaiwili inafunguka kinyume cha saa kama kawaida, lakini flaiwili yenyewe inatoka kwa pula. Wanaopiga nyundo kwenye ncha ya krenki wanaharibu uzi, na wanaopiga flaiwili yenyewe wanaipasua. Flaiwili yenye ufa, hata wa unywele, haichomelewi wala hairudishwi. Ikipasuka kwenye mzunguko wa maelfu kwa dakika, vipande vyake havina adabu. Ukiwa hapo tazama pia ufunguo mdogo unaoishika kwenye krenki. Ukikatika nusu, wakati wa cheche unahama, na dalili yake ni kamba kukunyang’anywa mkononi unapovuta.

Umeme upo, mafuta yapo, bado kimya: basi ni mbano, yaani uwezo wa pistoni kubana hewa. Shika mpini wa kamba, acha chensoo ining’inie. Yenye afya inakaa juu au inashuka kwa kusitasita. Iliyochoka inateremka moja kwa moja. Kwenye kipimo cha mbano, psi 150 ni nzuri; chini ya 100 kuwasha kunakuwa mateso. Kabla hujafungua silinda, toa sailensa, sogeza pistoni, chungulia kwenye tundu la moshi na tochi. Pistoni nzuri ina ung’avu wenye mistari myepesi ya mashine. Yenye michirizi ya wima iliyokwaruzika upande wa moshi ilipata joto kali: mafuta machache, hewa nyingi, au petroli tupu bila oili. Iliyofifia na kulika upande wa kabureta ilikula vumbi kupitia chujio la hewa.

Onyo moja kwa mafundi wa bodaboda. Silinda ya chensoo nyingi ni alumini iliyopakwa ndani kwa kromu au nikeli ngumu. Haichongwi ikawekwa pistoni ya ovasaizi kama bloku ya pikipiki. Alumini ya pistoni iliyoganda ukutani inaweza kusuguliwa taratibu ikatoka, na silinda ikaendelea na maisha. Lakini ukucha ukikwama mahali, na ukaona rangi ya alumini ya silinda yenyewe chini ya pako, silinda hiyo imekwisha.

“Kamba imekwama” au “hairudi”

Kamba hairudi: springi imelegea au imekatika, au vumbi la mbao lililochanganyika na mafuta limegeuka gundi ndani ya kasha la stata. Safisha kwanza. Springi ile imekunjwa kwa nguvu na ikiruka inachana uso, kwa hiyo miwani ya kazi, na ifungue ikiwa imetazama sakafu.

Kamba imekwama kabisa: toa kasha la stata lote, jaribu kuzungusha flaiwili kwa mkono. Ikizunguka, kosa ni la stata. Isipozunguka, fungua klachi upande wa pili, kwani mara nyingine ni cheni au takataka tu. Ikibaki imeganda baada ya hapo, usilazimishe kwa spana. Tia oili nyepesi kwenye tundu la plagi, iache hadi kesho yake. Ikikataa bado, beringi za krenki zimeota kutu, na kugawa kasha la krenki bila vifaa vyake ndipo chensoo nyingi zinapofia. Mpelekee mwenye presi na pula.

“Ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata moto inazima”

Izimapo, usiivute kamba kwanza. Fungua kifuniko cha tangi taratibu. Ukisikia “fss” ya hewa kuingia na ikawaka baada ya hapo, pumzi ya tangi imeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, mwisho tangi linagoma kutoa. Safisha au badili. Dakika tano, hakuna gharama.

Kama si hiyo, pima cheche papo hapo ikiwa bado ya moto. Koili na kondensa mbovu zina tabia ya kufanya kazi baridi na kukata zikipata joto, kisha baada ya nusu saa kivulini zinajifanya hazijui kitu. Ukipima ikishapoa utadanganyika. Kwa modeli za platini kuna vichipu vya elektroniki vinavyochukua nafasi ya platini na kondensa kwa pamoja. Ni mabadiliko ya kwanza ninayomshauri mtu kufanya kwenye chensoo ya zamani, kwani yanaondoa kero bila kugusa injini.

Ya tatu ni mbano hafifu. Ringi zilizochoka zinasaidiwa na oili nzito ya injini baridi. Ikipata moto msaada huo unaondoka.

“Siku hizi inapaa, ina kasi kuliko zamani!”

Hili watu hulileta kwa furaha, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Chensoo haipati kasi bure. Imekuwa na hewa nyingi na mafuta machache. Na kwa kuwa oili inaingia pamoja na mafuta, pistoni inakosa vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukiendelea kukata, unasikia sauti ikipanda, inakuwa nyembamba kama filimbi, halafu inazima ghafla na kamba haivutiki. Hapo ndipo ile michirizi ya upande wa moshi inapozaliwa.

Dalili zake nyingine: ukiachia akseleta mzunguko hauteremki mara moja, unaning’inia juu sekunde kadhaa; ukiilaza ubavu ikiwa slo (mzunguko wa chini, akseleta imeachiwa), sauti inabadilika; leo imekaa sawa, kesho skrubu zile zile hazifai. Zima. Usiirudishe kwenye gogo mpaka ujue hewa inaingilia wapi. Na usijaribu kuifunika kwa kufungua skrubu ya H (ya mafuta ya kasi kubwa). Utapata sauti nzuri kwa siku moja, mwanya utaongezeka, pistoni itaondoka.

Hewa inaingilia, kwa mpangilio wa nilivyoyaona: mpira unaounganisha kabureta na silinda (au gasketi yake), skrubu za kabureta zilizolegea, sili za krenki, gasketi ya chini ya silinda, na mwisho ufa kwenye kasha la krenki.

Mpira wa kabureta unaukagua kwa kuutoa na kuukunja kwenye mwanga. Sili na gasketi zinahitaji kupimwa kwa pumzi, na hapa huhitaji kipimo cha kiwandani. Chukua plagi ya zamani, vunja kaure yake, toa utumbo wote, bandika mpira mwembamba kwenye kilichobaki: hiyo ndiyo njia yako ya kupulizia. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli. Kimoja kikae chini ya flanji ya sailensa, kingine chini ya kabureta, kisha kaza vizuri ili matundu yote mawili yazibe. Teremsha pistoni chini kabisa, kwani hapo chumba cha juu na kasha la krenki vinawasiliana kupitia njia za pembeni. Sasa unganisha balbu na saa ya kipimo cha BP (presha ya damu), ile ya kubana kwa mkono. Pandisha mpaka karibu 300, ambazo ni milimita za zebaki, sawa na bar 0.4 hivi. Karakana hutumia bar 0.5, tofauti si kubwa kwa kazi yetu. Sindano isimame. Ikishuka, pakaa maji ya sabuni kwa brashi kwenye ncha mbili za krenki na kuzunguka shina la silinda. Povu litakuonyesha.

Kasoro ya kipimo cha BP ni kwamba kinasukuma tu, hakivuti. Kuna sili zinazoshika hewa ikisukuma kutoka ndani lakini zinaachia krenki inapovuta, kwa sababu mdomo wake unaelekea upande mmoja. Kama povu halionekani na dalili zinaendelea, tafuta pampu ya kuvuta, ile ya kutolea hewa kwenye breki za gari, urudie.

Sili zenyewe si lazima uziagize kutoka Ulaya. Zina vipimo vyake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Peleka ya zamani duka la beringi, omba ya vipimo hivyo yenye alama ya FKM, ambayo inastahimili joto na petroli. NBR, mpira wa kawaida wa sili, inafaa ikikosekana. Kuitoa, toboa kidogo bati la sili, ingiza skrubu ndogo, vuta kwa koleo. Krenki isiguswe na ncha ya chuma, kwani mkwaruzo mmoja pale unaharibu sili mpya siku ile ile.

Ufa kwenye kasha la krenki si kazi ya nyumbani. Kasha hilo kwa chensoo nyingi ni la magnesiamu. Halichomelewi na fundi wa geti.

“Nikibonyeza inasita, inataka kuzima” na “haina nguvu kwenye gogo”

Chujio la hewa. Kisha wavu mdogo ndani ya sailensa, unaoziba kwa masizi mpaka injini inashindwa kupumua nje. Uchome kwa moto au uusugue kwa brashi ya waya. Vumbi la msonobari likichanganyika na utomvu linaziba pia mapezi ya silinda, na hilo halileti kusita bali joto, kwa hiyo lisafishe ukiwa hapo.

Kisha dayaframu. Toa kifuniko cha upande wa kupimia mafuta, ubonyeze mpira wake kwa kidole. Laini ni nzima. Uliokakamaa na kutoa mlio wa nailoni umekufa. Nunua kifurushi cha ukarabati cha namba iliyo kwenye mwili wa kabureta, si cha namba ya chensoo, kwani kwenye mashine ya miaka 40 huenda kabureta ilishabadilishwa. Piga picha kila hatua. Upande wa kupimia, gasketi inatangulia kukaa kwenye kabureta na dayaframu juu yake. Ukivigeuza, injini itawaka na kukuchanganya kwa wiki nzima. Kijiti kinachosukumwa na dayaframu, kwenye kabureta nyingi za kampuni ya Tillotson, kiwe sawa na sakafu ya chumba chake.

Sasa, na sasa tu, bisibisi. Funga skrubu za L (ya mafuta ya kasi ndogo) na H polepole mpaka ziguse, bila kukaza, halafu fungua mzunguko mmoja kila moja. Washa, ipate moto kwa dakika chache. Tafuta kwa L mahali ambapo slo inakwenda haraka zaidi, kisha fungua kidogo tena, thumuni hadi robo ya mzunguko. Inapaswa kupokea akseleta bila kusita. Ndipo uteremshe slo mpaka cheni isimame.

H inasikilizwa, haitazamwi. Bonyeza mpaka mwisho kwa sekunde tatu nne, nje ya gogo. Sauti sahihi ina kukoroma ndani yake, kama injini inaruka mapigo. Ingiza kwenye gogo: kukoroma kupotee, sauti inyooke. Toa: kurudi. Ikiwa nje ya gogo inalia safi, laini, juu, fungua H. Watu wengi huipenda sauti hiyo safi, na ndiyo inayowauzia pistoni. Baadhi ya kabureta za Tillotson zilizofungwa kwenye 070 zina gavana (kizuia kasi) ndani, nazo hukoroma juu kwa kazi ya gavana, hata kama H imebanwa. Kwenye hizo usiamini koromo. Amini rangi ya plagi baada ya kukata gogo zima: kahawia ni salama, nyeupe kama chokaa ni hatari.

Na mwinuko usisahaulike. Chensoo iliyorekebishwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ilirekebishwa kwa hewa nyembamba. Ukiiteremsha Pwani bila kugusa H, inakuta hewa nzito na mafuta yale yale, yaani hewa inazidi mafuta. Kutoka Pwani kupanda Njombe kosa lake ni moshi na uvivu tu. Kuteremka ndiko kunakoua pistoni.

“Cheni inazunguka bila kubonyeza”

Punguza skrubu ya slo. Ikizimika kabla cheni haijasimama, fungua klachi: springi zimelegea au moja imekatika. Uzi wa klachi kwenye chensoo nyingi ni wa kushoto, unafunguka kwa kuzungusha kuelekea saa. Kuzuia krenki isizunguke, ingiza kamba safi kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa inapanda na imeshapita tundu la moshi. Ukiiingiza mapema, kamba inakatwa kwenye ukingo wa tundu hilo. Beringi ndogo ya ngoma ya klachi isiyo na grisi nayo huburuza cheni.

Kama klachi ni nzima na slo bado haitaki kushuka, rudi kwenye kupaa. Ni hewa. Chensoo inayozungusha cheni yenyewe haitoki karakana, hata kwa “kukata kidogo tu”.

“Baa inafuka moshi”

Oili haifiki. Elekeza ncha ya baa kwenye kikaratasi cheupe, bonyeza: mstari wa oili ujitokeze. Usipojitokeza, tundu la oili kwenye baa limeziba, kisha chujio la tangi la oili, kisha pampu. Sababu kubwa kwetu ni oili chafu ya gari. Ni ya bure, najua, lakini imejaa unga wa chuma unaokula pampu, na mkononi na kwenye mapafu si salama. Oili safi ya SAE 30 au 40 inatosha kama ya cheni haipatikani.

“Inatoa unga” na “inakata kwa kupinda”

Unga badala ya vipande: cheni butu. Tupa ya duara ya milimita 5.5 kwa cheni ya .404, 5.2 kwa 3/8 ya kawaida, 4.8 kwa .325 (namba hizi za cheni ni hatua yake kwa inchi). Pembe ya digrii 30 kwa kukata gogo, 10 kwa kupasua mbao. Kidole cha kina mbele ya jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 kwa 3/8 na .325, na 0.8 kwa .404. Usikiteremshe zaidi ili “iume”. Itaruka, na klachi itaungua.

Inapinda: meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko mengine. Kama yako sawa, geuza baa juu chini. Mkunjo ukihamia upande mwingine, reli za baa zimelika vibaya. Zisawazishe kwa tupa bapa.

Ukitaka kuiongezea nguvu

Kwanza iwe imepita kipimo cha pumzi. Kuongeza nguvu kwenye injini inayovuta hewa ni kuiharakishia kifo.

Mabadiliko yenye faida kubwa kwa kazi ndogo ni sailensa: panua tundu la kutokea, lakini jumla ya uwazi isizidi asilimia 80 hivi ya tundu la moshi kwenye silinda. Baada ya hapo H lazima ifunguliwe na kusikilizwa upya, bila hiari. Wavu wa cheche ubaki. Kiangazi, cheche moja kwenye majani ya msonobari ni moto wa msitu. Masikio nayo yahitaji kinga zaidi.

Kutoa gasketi ya chini ya silinda kunapandisha mbano, lakini pima kwanza. Ingiza waya wa risasi wa kulehemu kwenye tundu la plagi mpaka ukuta wa silinda, zungusha flaiwili, toa, pima ulipobanwa. Bila gasketi usibaki na chini ya milimita 0.5, na mahali pa gasketi paka silikoni inayostahimili petroli. Pima kushoto na kulia, juu ya pini ya pistoni.

Kuchonga matundu ya silinda mimi simshauri mtu mwenye silinda moja tu. Pako likibanduka ukingoni linakwenda na ringi. Na ukitumia grainda karibu na kasha la magnesiamu, vumbi lake linawaka vikali. Likishika moto usimwagie maji, funika kwa mchanga mkavu.

Wapasua mbao hupenda kuhama kutoka cheni ya .404 kwenda 3/8 kwa sababu njia yake ni nyembamba na mbao haipotei sana kwenye unga. Inawezekana, ila sproketi, ncha ya baa na cheni vyote vitatu vibadilike kwa pamoja, na upana wa mfereji wa baa ulingane na miguu ya cheni, milimita 1.6 kwa 1.6. Cheni ya 3/8 kwenye sproketi ya .404 itapanda meno, itanyooka, na kukatika ikiwa kwenye kasi. Muuzaji akikuambia “zitazoeana”, nenda duka lingine.